Mustang za 1964: nilivyojifunza kusoma bati badala ya kibati

Daftari langu sasa lina magari 31, na yote nimeyashika kwa mkono wangu. Ni Ford Mustang zilizoundwa kati ya Machi na Agosti 1964, zile ambazo wapenzi wa magari hapa Michigan huziita za "1964 na nusu". Kampuni yenyewe haikuzipa jina hilo. Namba zao zote za chesisi huanza na 5, yaani modeli ya 1965, sawasawa na zile zilizofuata baadaye. Ndiyo maana kuzitofautisha kunataka macho na subira.

Mimi ni fundi bodi, nimezaliwa Tanga, naishi Dearborn mwaka wa kumi na moja huu. Nilipoanza kazi hii ya kuorodhesha magari kila mtu alikuwa na ushauri. Rafiki yangu wa Mombasa aliniambia, "Kaka, unajichosha bure. Lipia ripoti ya kiwanda, wape namba ya chesisi, watakuletea rangi, injini, mpaka tarehe." Nilihangaika na jambo hilo wiki mbili nzima. Zile ripoti zinazouzwa kwa magari ya Ford ya zamani zinaanzia modeli za 1967. Za 1965 hazipo. Bado naona watu wanapeana ushauri uleule na unaniudhi, kwa sababu mgeni hutoa pesa yake kisha anarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo ushahidi uko kwenye gari lenyewe. Namba ya chesisi mfano wake ni huu: 5F08F100001. 5 ni modeli ya 1965. F ya kwanza ni kiwanda cha Dearborn. R ni San Jose, T ni Metuchen kule New Jersey. 08 ni ya turubai, 07 ni ya paa gumu, 09 ni ile ambayo paa lake linateremka moja kwa moja hadi nyuma. Herufi ya pili ni injini, kisha mfululizo unaoanzia 100001. Namba niliyoiandika hapo ni ya gari la kwanza kabisa kwenye mfululizo, jeupe, la turubai. Liliuzwa kwa bahati mbaya kwa rubani Stanley Tucker kule St. John's, Newfoundland, na Ford wakaja kulichukua baadaye wakampa jingine jipya. Leo liko kwenye jumba la makumbusho la The Henry Ford, hapa hapa Dearborn. Nimelitembelea mara nyingi kuliko nilivyomtembelea shemeji yangu anayekaa mtaa wa pili.

Kosa langu kubwa lilitokea mwaka wa kwanza, na pia kwenye Mustang nyeupe ya turubai. Mwenyewe alinifungulia mlango wa dereva, nikapiga picha kibati kilichopigiwa ribiti pale ukingoni. Kila kitu kilikaa sawa: 5F08F mwanzoni, 76A ya bodi ya turubai, 14E ya tarehe, yaani 14 Mei. Nikaandika, nikampa mkono, nikaondoka na furaha yangu. Jioni nikiwa napitia picha nikaona kwenye moja ambayo boneti ilikuwa wazi: altaneta. Gari la Mei 1964 linapaswa kuchaji betri kwa dainamo, kifaa cha zamani kuliko altaneta. Nikajituliza kwamba mtu kabadilisha, hilo hutokea. Lakini usingizi haukuja. Jumamosi iliyofuata nikarudi na tochi, tukafungua boneti, nikasoma namba iliyogongwa kwenye bati la ndani ya fenda ya kushoto. 5T08C. Metuchen! Kiwanda kile kilianza kuunda Mustang mwanzoni mwa 1965. Mlango ulikuwa umetoka kwenye gari jingine, na kibati kilikuja nao. Mwenye gari alikaa kimya muda mrefu, maana alilinunua kwa bei ya gari la mwanzo. Nilimwonea huruma sana. Jina la aliyemuuzia alinitajia, lakini halikuingia kwenye daftari langu.

Tangu siku ile sigusi kalamu kabla ya kuona bati. Na bati mara nyingi limefunikwa na grisi na rangi za miaka sitini. Msasa usiuguse kabisa, utaila namba yenyewe. Mimi hulowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, nasugua taratibu kwa mswaki wa zamani, nakausha. Kisha naweka ile karatasi nyembamba ya mafundi cherehani na kupitisha penseli laini iliyolazwa ubavu. Tarakimu zinatokea moja moja, nyeupe ndani ya weusi, mpaka ule mkia wa 5 unaouona vizuri kuliko kwa macho. Zikigoma, zima taa za gereji, laza tochi karibu na bati ili mwanga upite kwa upande. Fanya nakala mbili, moja umwachie mwenye gari. Namba nyingine zimefichwa chini ya fenda, lakini mwenye gari asiyetaka kufungua bolti usimlazimishe.

Dalili nyingine nazipenda kwa sababu hazihitaji kugusa. Taa ya chaji kwenye dashibodi ikiandikwa GEN, yaani dainamo, endelea kuangalia. Ikiandikwa ALT, yaani altaneta, ni ya baada ya mabadiliko ya Agosti 1964, kiwanda kilipoacha dainamo. Herufi za injini za mwanzo ni U, F na D. Zilizofuata ni T, C na A. K yenye nguvu za farasi 271 ilianza Juni 1964, na kwa kuwa ina bei kubwa ndiyo ninayoikagua mara mbili. Na mtu akikuambia ana 09 ya "1964 na nusu", mwambie kwa adabu kwamba bodi ile ilikuja na mabadiliko ya Agosti.

Gharama? Mafuta ya gari, karatasi, chai za watu, labda dola mia tatu hivi kwa mwaka. Daftari nimelichora safu mbili: niliyoyaona na niliyoambiwa. Hazichanganyiki kamwe.

Zenye injini ya D ninazo 2 tu. Jumamosi ya tatu ya Agosti, magari ya zamani yakijaa barabara ya Woodward Avenue kama kila mwaka, nitakuwa Ferndale tangu alfajiri na mswaki wangu mfukoni.