Midi ya kujiundia, spidi ya singeli

Wanangu, kabla hujapeleka hela Kariakoo kutafuta midi kibodi, kile kidude cha batani na nobu cha kuongozea programu ya muziki kwenye kompyuta, jua unaweza kujiundia, pita kwanza kwa fundi redio wa mtaani kwako. Sabufa mbovu huwa zina nobu tatu nne za sauti na besi zinazong'oka zikiwa nzima kabisa, sema soma zimeandikwa nini, unataka zenye herufi B, zinapanda sawasawa, zile za A ni za volyumu, unazungusha nusu nzima hamna kitu cha maana af ghafla inaruka.

Ubongo wa kidude ni Arduino, kibodi kidogo cha saketi unachokiandikia programu. Usichukue aina ya Uno, tafuta yenye chipu ya ATmega32U4 kama Leonardo au Pro Micro, hiyo ukiipa programu ya midi na kuichomeka USB kompyuta inaiona kama kifaa cha midi, unafungua FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, iko pale. Na kidude chenyewe hakilii jamani, maana kuna watu wananiuliza spika iko wapi. Midi tangu 1983 ni namba tu, noti gani, imepigwa kwa nguvu gani, 0 mpaka 127, mlio unatoka kwenye kompyuta. Arduino inasoma nobu 0 mpaka 1023, gawa kwa 8, imeisha hiyo.

Kasheshe iko kwenye batani. Ukibonyeza mara moja vyuma vya ndani vinadunda, chipu inahesabu mara tano, ngoma moja inalia trrr. Programu ya mfano ya Arduino inatibu hilo kwa kusubiri milisekunde 50, na kwa bongofleva ya mapenzi wala hutahisi kitu, ila singeli inavuka BPM 200, yaani mapigo 200 kwa dakika, kirahisi, ukiwa 250 nusu pigo ni milisekunde 120 na humohumo batani inatakiwa ishuke na ipande, kila safari inakula 50, unabaki na nini sasa? Noti zinamezwa halafu unajiona una mkono mzito. Shusha mpaka 5, batani zikiwa chakavu weka 8, na noti itume palepale kidole kikigusa, kusubiri kuje baada ya hapo.

Nobu kubwa kuliko zote nimeipa tempo, kwa muziki wetu huu hiyo ndo usukani.

Sasa hivi natafuta piezo, vile visahani vya rangi ya shaba vinavyolia kwenye saa za alamu, ukivigonga vinatoa volti kulingana na nguvu ya mkono, maana batani zangu hata uziguse kwa upole zinatuma 127 ileile. Mwenye saa mbovu ya kutupa anicheki, nauli ya bodaboda juu yangu.