Seli ukishaisoma umeshaiua

Leo nimeshinda na makala za seli shina za damu, zile za kwenye uboho zinazozaa aina zote za seli za damu, afu kuna kitu kimenikaa kichwani, acha nikimwage hapa. Seli shina huitambui kwa sura bana, kwenye hadubini ni kiduara tu kama seli nyingine kibao za uboho. Unaijua kwa kazi.

Na kuipima kazi yenyewe ni shughuli! Till na McCulloch kule Toronto mwaka 1961 waliwapiga panya mionzi, wakawadunga uboho, wakaona vivimbe vinaota kwenye bandama, 1963 wakaonyesha vinatokana na seli moja moja. Mpaka leo msingi ni uleule, unapandikiza, unasubiri kama wiki 16 hivi, unaangalia kama damu ya aina zote inatoka, afu unachukua uboho wa panya yule unampa mwingine uone kama bado unaweza kuzalisha damu. Jibu likija, seli uliyoanza nayo ilishagawanyika zamani, huna tena cha kuchungulia.

Sasa geuza. Unataka kujua jeni zipi zimewaka ndani yake? Poa, lakini kusoma RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni zilizowaka, kwa njia za kawaida lazima uipasue seli, na maiti haipandikizwi. Yaani ama ujue ilikuwaje ama ujue ingefanya nini, vyote viwili kwa seli ileile hupati.

Watu wakatafuta njia za mkato. 2015 kundi la Cambridge walitumia mashine ya leza inayochambua seli huku ikiandika vipimo vya protini za juu ya kila seli, CD150 kiasi gani, CD48 kiasi gani, baadhi wakapandikiza moja moja, nyingine wakasoma jeni, vile vipimo vikawa daraja. Safi sana, ila protini za juu nazo zina uongo wake, interferoni (protini ya mwili ya kupambana na virusi) ikipanda tu, Sca-1, moja ya protini zinazotumika kuitambua seli shina, inapanda hata kwa seli ambazo sio shina kabisa.

Ile iliyonikosesha usingizi ni ya 2020: unaingiza alama ya DNA kwenye seli, unaiacha igawanyike, zinazotoka ni madada wenye alama ileile, dada mmoja unamsoma, mwingine unamwacha aendelee na maisha. Kumbe madada wanaelekea njia zinazofanana hata pale ambapo RNA haikuonyesha dalili yoyote mapema! Sasa hiyo siri imekaa wapi? Mi nahisi kwenye jinsi DNA ilivyofungwa, lakini hilo ni langu.

Na sio udadisi tu, manake seli zikikuzwa kwenye sahani ili apewe mgonjwa, nani atasubiri wiki 16 za panya kwanza? Itabidi usome sehemu ya ukoo uamue hapohapo. Watu wana haraka na orodha za jeni, mi bado namwamini panya.