Mkasi Wangu na Bahasha ya Argonaut

Boksi lile la viatu nililinunua kwa dola 6, Jumamosi moja ya kiangazi mwaka 2003, huko Groton, Connecticut. Watu walikuwa wametandaza vyombo vya marehemu mama yao nje ya nyumba, wanauza. Ndani ya boksi mlikuwa na bahasha kuukuu kama arobaini. Nilikuwa na miezi minane Marekani, na tangu nitoke Tanga sikuwa nimegusa stempu.

Utotoni kazi hii tuliijua wote pale mtaani. Unakata kona ya bahasha, unaitia kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, unangoja gundi iachie, halafu unaianika stempu juu ya gazeti. Bahasha ni takataka, nani ana haja nayo?

Basi Jumapili asubuhi nikakaa kibarazani na bakuli langu. Kwanza nikazichambua. Zisizo na stempu zilikuwa nyingi kuliko nilivyotaka. Mahali pa stempu mtu ameandika tu kwa mkono kwamba inakwenda bure. Nikaona nimepunjwa. Zile zote nikazitupa kwenye pipa la karatasi bila hata kuzisoma. Kisha nikashika mkasi, nikaanza na bahasha yenye stempu ya zambarau ya senti 3, nikakata kona na kuitumbukiza.

Jirani yangu akaja na kikombe chake cha kahawa. Alikuwa na miaka 79, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa baharia wa nyambizi huko Pasifiki. Mimi nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza. Aliniuliza maana yake, nikamweleza, akasema jina limemfaa, asiitwe jingine.

Alitazama bakuli. Akatazama mkasi. Akaiokota bahasha iliyobaki mezani na kuisogeza karibu na miwani.

"Hii ilikuwa Argonaut," akasema.

Nilipochungulia, kwenye ukingo nilioukata palibaki nusu duara ya muhuri wa posta yenye herufi "U.S.S. AR". Nusu ya pili ilikuwa majini, pamoja na ile mistari inayoifuta stempu, na katikati ya mistari pameandikwa PEARL HARBOR. Mkasi wangu ulikuwa umeipasua meli na bandari yake.

Mzee hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alivuta kiti, akanieleza polepole kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kabla ya vita, manowari nyingi za Marekani, nyambizi zikiwemo, zilikuwa na karani wa posta na muhuri wenye jina la meli. Wakusanyaji walikuwa wakimpelekea karani bahasha zenye stempu na anwani zao wenyewe, anazigonga na kuzirudisha. Bahasha tupu, haina barua, lakini imepita mle ndani. Ukiikata, umebaki na stempu ya senti 3 ambayo imejaa kila mahali.

Argonaut yenyewe ilikuwa kubwa kuliko nyambizi zote za Marekani za wakati ule. Agosti 1942 ilipeleka askari kushambulia kisiwa cha Makin. Tarehe 10 Januari 1943 Wajapani waliizamisha karibu na kisiwa cha New Britain huko Pasifiki, na watu zaidi ya 100 waliokuwamo hakurudi hata mmoja.

"Na zile nyingine ziko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha pipa. Mzee wa miaka 79 akainama kwenye pipa la taka, nami nikapiga magoti kando yake kwa aibu.

Hizo nilizozitupa ndizo zilizokuwa za vita. Baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, bandari ya manowari za Marekani huko Hawaii, Desemba 1941, majina ya meli yaliondolewa kwenye mihuri ili adui asijue nani yuko wapi. Yakabaki maneno U.S. NAVY tu. Kuanzia Aprili 1942 wanajeshi hawakulipia barua, ndiyo maana hazikuwa na stempu. Ukitaka kujua imetoka wapi, unasoma anwani ya mwandishi pale kona ya juu kushoto. Mzee alizisoma moja moja, midomo ikicheza. Kwenye moja ya Septemba 1943 akanyamaza. Wahoo, nyambizi nyingine. Ilizama Oktoba 11 mwaka huohuo.

Kwetu neno nyambizi lina uzito wake. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga karibu na Maldives, wakafa watu karibu 1,300. Nilimtajia Mzee. Akaitikia kwa kichwa, kidole chake bado kiko kwenye alama ya ukaguzi ya ile bahasha, juu ya herufi mbili za wino uliofifia.

"Barua zilikaguliwa na ofisa wa meli hiyohiyo," akasema. "Anasoma, anatia herufi zake, anafunga. Huyu naye huenda alikuwamo."

Akaiweka juu ya rundo, mbali na maji. Kwenye bakuli stempu ilikuwa imeshaachia karatasi, inaelea kifudifudi.