Tonge la ugali lililogoma kushuka

Mwaka 2010, nikiwa mwanafunzi wa ualimu Chuo Kikuu cha Dodoma, nilichora tonge la ugali. Linachovywa kwenye mlenda, linaingia mdomoni, linateleza kooni, linatua tumboni. Ukibofya kongosho linamwaga vimeng'enya, ukibofya ini nyongo inashuka. Nililichora usiku kwa usiku kwa Macromedia Flash 8, programu ya kuchorea picha za kujongea, kwenye kompyuta ya kuazima ambayo mwenyewe aliidai kila asubuhi. Nilipoajiriwa sekondari moja hapahapa Dodoma tonge likanifuata, na kila Januari kidato cha pili walianza nalo mada ya lishe. Mtoto wa Kigogo ukimwonyesha mlenda unashuka kooni hasinzii.

Januari 2021 likagoma. Nimewasha projekta, darasa limetulia, nafungua faili: kijivu kitupu, katikati herufi i ndani ya duara. Nikajaribu kompyuta ya pili, ya tatu. Vilevile.

Nikaenda kwa mkuu wa shule. "Mkuu, Flash imekufa."

"Si ukachukue nyingine pale Majengo, mwalimu? Leta risiti tu."

Ilibidi nikae chini nimweleze kwamba siyo flashi ya kuchomeka, ni ile programu iliyokuwa inachezesha picha za kujongea ndani ya brauza. Akaniuliza swali la maana kuliko yote niliyokuwa nimejiuliza mwenyewe: "Sasa kitu cha mtu mwingine ulikitegemeaje miaka kumi yote hiyo?"

Sina cha kujitetea. Flash ilianza mwaka 1996 ikiitwa FutureSplash, ikanunuliwa na kampuni ya Macromedia, nayo Macromedia ikamezwa na kampuni ya Adobe mwaka 2005. Mwaka uleule niliokuwa nahangaika na tonge langu, Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliandika waraka kueleza kwa nini hataiweka kwenye iPhone: inamaliza chaji, usalama wake unavuja, na imetengenezwa kwa ajili ya mausi, siyo kidole. Mwaka 2011 Adobe wenyewe wakaachana na Flash ya simu. Julai 2017 wakatangaza kwamba mwisho wake ni 31 Desemba 2020. Tangazo nililisoma. Nikajiambia miaka mitatu ni mingi.

Kilichoniokoa kwanza ni mwanafunzi mmoja wa nyuma. "Mwalimu, mbona ile ya dirishani inacheza?"

Kweli inacheza! Kompyuta ya dirishani ndiyo mbovu kuliko zote. Betri yake ya saa ilishakufa, kwa hiyo kila ukiiwasha inaamini leo ni 1 Januari 2008. Hapo ndipo nilipoelewa. Matoleo ya mwisho ya Flash yaliwekewa tarehe ndani yake: ikifika 12 Januari 2021, yanakataa kuchezesha chochote, uwe na intaneti usiwe nayo. Toleo la zamani lisingejali. Na aliyepita chumba kizima mwishoni mwa 2020 akiweka toleo jipya kila kompyuta, kwa bidii zote, ni mimi.

Basi nikarudisha nyuma saa za kompyuta zote. Usifanye hivyo. Chumba kile ndicho walimu wanachochapia matokeo, na baada ya wiki mbili mwalimu wa taaluma alipanga mafaili kwa tarehe, akachukua lililokaa juu akiamini ndilo jipya, akachapisha alama za mtihani ambazo zilishasahihishwa. Tulizichana karatasi zote. Yeye alicheka, mimi sikucheka.

Dawa niliipata kwenye Ruffle, programu ya bure inayoandikwa na watu wa kujitolea, inayoiga Flash bila kuihitaji Flash yenyewe. Niliipakua kwa bando la usiku, nikaiweka folda moja na tonge, nikaongeza mstari mmoja kwenye ukurasa, nikaubofya mara mbili. Hakuna kitu. Siku mbili nzima nilidhani faili limeharibika, kumbe ukurasa ukifunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski, brauza inaizuia Ruffle kusoma vipande vyake. Nikaifanya kompyuta moja kuwa seva, nyingine zikasoma kutoka kwake kwa waya. Tonge likashuka. Darasa zima likapiga makofi, na mimi nilijifanya nafuta ubao.

Si yote yaliyopona. Kazi zangu za zamani ziliandikwa kwa ActionScript 2, lugha ya kuiamuru Flash, na hizo Ruffle inaziweza vizuri. Nne nilizozitengeneza baadaye kwa ActionScript 3, toleo lililofuata la lugha hiyo, zilifunguka nusunusu: moyo unadunda lakini damu haitembei. Tatu nilikuwa na mafaili yake ya fla, yale ya kuchorea, nikazihamisha kidogokidogo kwenda HTML5, lugha ya kurasa ambayo brauza inaielewa yenyewe. Ya nne nilibaki na swf tupu, faili la kuchezeshwa tu, sawa na kubaki na chapati bila unga. Niliipasua kwa programu iitwayo JPEXS, nikatoa picha moja moja na msimbo wake, kisha nikauandika upya kwa JavaScript, lugha nyingine ya brauza. Likizo nzima ya Juni iliishia hapo, na mke wangu analikumbuka hilo kuliko mimi.

Mwenzangu mmoja alishauri nirekodi kila kitu kiwe video, niachane na mateso. Kwa moyo unaodunda ningekubali. Kwa tonge sikubali, kwa sababu mwanafunzi asipobofya kongosho mwenyewe anakuwa mtazamaji tu, na watazamaji ninao wa kutosha.

Ruffle nayo siijengei nyumba. Wanaoiandika wana kazi zao nyingine, na siku wakichoka sitakuwa na wa kumlaumu. Kipya chochote nakichora kwa HTML5, na faili la kuchorea linakaa sehemu tatu, mojawapo ikiwa flashi, ile ya mkuu.

Mwezi uliofuata nilinunua betri ya saa kwa ajili ya kompyuta ya dirishani, kijidude kama sarafu, cha rangi ya fedha. Bado iko kwenye droo yangu, haijafunguliwa pakiti.