Ipi ndiyo ya kweli

Binti yangu alizikuta jana juu ya kabati: diski mbili nzito za kompyuta, kila moja na kipande cha utepe wa karatasi, A na B, kwa wino mwekundu uliopauka. Akazipanga sakafuni.

"Baba, hizi ni pacha?"

Nikamwambia ndiyo.

"Sasa ipi ndiyo ya kweli?"

Nikajibu zote mbili. Akaniangalia kama anavyoniangalia nikisema sindano haiumi, kisha akaondoka. Nikabaki na jibu ambalo kwa diski hizi nalijua kuwa ni uongo.

Ilikuwa usiku ule wa kusakinisha upya mfumo wa kompyuta yangu. Ule wa zamani ulishanichosha, sitaki hata kueleza. Nilikuwa nimeamua kufuta diski ndogo ya mfumo na kuanza mwanzo, na hizi mbili za data zibaki kama zilivyo. Kabla ya kuanza nilizichomoa nyaya. Kisakinishi hakiwezi kufuta kisichokiona, na hilo ndilo jambo la busara nililolifanya usiku huo, la kwanza na karibu la mwisho. Debian mpya, aina ya Linux ninayoitumia, ikawaka bila tatizo. Nikazima, nikachomeka nyaya, nikawasha tena.

Diski zilionekana kwa majina ambayo mfumo huzipa: A ni sdb, B ni sdc. Nikajaribu kuipachika mojawapo moja kwa moja, yaani kuifungua ili faili zake zisomeke, mfumo ukakataa: aina ya mfumo wa faili haijulikani, linux_raid_member, alama ya diski iliyo ndani ya safu ya RAID, diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Sawa. Nikasakinisha mdadm, programu ya Linux inayosimamia safu hizo. Halafu nikafungua daftari langu, maana miaka mitano nyuma nilikuwa nimeandika humo amri niliyotumia kuziunganisha. Mstari mmoja, umepigiwa mstari chini mara mbili: mdadm --create, level 1 (kiwango cha kioo: kinachoandikwa kwenye diski moja huandikwa pia kwenye nyingine), vifaa viwili, sdb1 na sdc1, yaani sehemu ya kwanza ya kila diski.

Nilidhani ndivyo unavyoutambulisha mfumo mpya kwa diski za zamani. Unaurudia mstari uleule, na mambo yanakuwa vilevile. Kichwani mwangu saa saba ya usiku, kuunda safu mpya na kukusanya iliyokwishakuwepo lilikuwa neno moja. Nikaandika, nikabonyeza Enter.

Kompyuta haikufanya kitu. Iliuliza.

Ilisema sdb1 inaonekana kuwa sehemu ya safu ya RAID, kiwango cha kwanza, vifaa viwili, iliyoundwa tarehe fulani. Ikasema vivyo hivyo kuhusu sdc1. Kisha chini kabisa: niendelee kuunda? Kidole changu kilikuwa tayari juu ya y. Sijui wenzangu mkoje, lakini mimi maswali ya namna hiyo nimeshayajibu ndiyo mara nyingi hadi kidole kinafika kabla yangu. Feni ilikuwa inavuma. Mojawapo ya diski ilikuwa inatoa mlio mdogo, tik, kimya, tik, kama mtu anayehesabu kwa ulimi.

Kilichonizuia ni ile tarehe. Ilikuwa Jumapili, na niliikumbuka, kwa sababu Jumapili hiyo mama alikuwa ameketi nyuma yangu akiniuliza kila dakika kama nimemaliza ili arekodi hadithi zake. Nikajiuliza swali la kijinga ambalo sijawahi kulishukuru vya kutosha: kama ninaunda kitu sasa hivi, mbona tayari kina siku ya kuundwa?

Nadhani nilikaa dakika tatu, labda kumi. Mtu aliyechoka hapendi kugundua kwamba karibu afanye upumbavu. Anatafuta sababu ya kuuendeleza. Nilijiambia kwamba kwenye kioo hakuna kinachopotea, nakala ziko mbili, hata moja ikiharibika nyingine ipo. Hoja nzuri sana. Kisha nikabonyeza n.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka. Kila diski ya safu ya namna hii imebeba maelezo yake yenyewe: ni ya safu ipi, ina nafasi gani, mara ya mwisho iliandikwa lini. Mfumo ukifutwa maelezo hayo hayafutiki, kwa sababu hayakai kwenye mfumo. Unayasoma kwa mdadm --examine, na amri hiyo haiandiki chochote. Nikaisoma sdb1, nikaisoma sdc1. Utambulisho wa safu ulikuwa uleule. Tarehe ya kuundwa ileile. Lakini hesabu ya matukio, namba inayoongezeka kadiri safu inavyobadilika, haikulingana, tena ilipishana kwa maelfu. sdc1 iliandikwa mara ya mwisho jioni ileile. sdb1, miezi saba kabla.

Nilisoma tena, polepole, nikifuata mistari kwa kidole kwenye kioo cha skrini.

Pacha walikuwa wameachana miezi saba, nami sikujua. Diski A ilitoka kwenye safu siku fulani, labda waya ulilegea, na B ikaendelea peke yake bila kulalamika. Au ililalamika: mdadm ina kawaida ya kutuma barua kwa root, yaani msimamizi wa mfumo, safu inapopungukiwa na diski. Barua hizo, kama zilikuwepo, zilikuwa kwenye diski ya mfumo niliyoifuta saa chache kabla.

Na mama alifariki ndani ya miezi hiyo saba. Rekodi zake za mwisho, zile ambazo sauti imeshakuwa nyembamba na anasimama katikati ya sentensi kutafuta pumzi, zilikuwa kwenye B peke yake. Ningebonyeza y, safu mpya ingeanza kusawazisha kwa kunakili kifaa cha kwanza juu ya cha pili. Cha kwanza kwenye daftari langu kilikuwa sdb1. Yaani A, ya zamani, ingemwagwa juu ya B. Na nisingeona kosa lolote, ila mstari wa asilimia ukipanda vizuri.

Nikaikusanya B peke yake, kwa --assemble na --readonly, nikaipachika kwa kusoma tu. cat /proc/mdstat, inayoonyesha hali ya safu, ikanipa [_U], jino moja limeng'oka. Nilifungua faili moja, si ya mwisho, nikasikiliza sekunde chache, nikafunga. Kesho yake nilinunua diski ya tatu, nikanakili kila kitu huko kabla ya kugusa chochote kingine, ndipo nikairudisha A kwa --add. Saa kadhaa baadaye ikawa [UU]. Nikaandika safu kwenye mdadm.conf, faili ya mipangilio ya mdadm, maana bila hivyo huenda ungeikuta asubuhi imepewa jina jingine, md127, nikasasisha initramfs, mfumo mdogo unaotangulia kompyuta inapowaka, nikaweka UUID, utambulisho wa safu, kwenye fstab, orodha ya vinavyopachikwa, pamoja na nofail, ili kompyuta iwake hata safu isipoonekana. Na anwani ya barua ninayoisoma kweli.

Kuhusu lile daftari, sikuuchana ukurasa. Niliandika pembeni ya mstari ule, kwa wino mwekundu uleule wa utepe, "mara moja tu". Sijui kama mtu mwingine akiusoma ataelewa.

Leo jioni nilitaka kumweleza binti yangu vizuri zaidi, kwamba kuna wakati B ndiyo ilikuwa ya kweli, na kwamba baadaye A ikajifunza tena kutoka kwake. Nilipofika chumbani alikuwa ameshabandua tepe zote mbili na kuzibandika kwenye mikono yake, A kushoto, B kulia. Diski ziko sakafuni, zimegeuzwa, na sizitofautishi.