Mizani ya springi juu ya boti, Kibirizi (mwalo wa Kigoma, Ziwa Tanganyika): kumbukumbu ya mradi, juma la 1 hadi la 4

Mradi wenyewe: kujua mizani ya kuning'iniza inadanganya kwa kiasi gani dagaa wakipimwa ndani ya boti linaloyumba, kabla hawajashushwa mwaloni. Fizikia yake ni nyepesi. Kinachosumbua ni kuchagua njia ya kutatua mlinganyo tofautishi (unaohusisha kitu na kasi ya kubadilika kwake) ambao upande wake wa kulia si sifuri.

Juma la 1

Kilo 10 zinavuta springi sentimita 5. Kwa hiyo ugumu wa springi ni 10 × 9.8 ÷ 0.05 = 1960 N/m. Gawanya kwa kilo 10, unapata 196, na mzizi wake ni 14. Bila ukinzani:

y'' + 196y = f(t)

Hapa f(t) ni mchapuko unaoletwa na boti, na y ni mvuto wa springi kupita pale mzigo unapotulia; y' ni kasi ya y, na y'' ni mchapuko wake. Upande wa kushoto ukiwa peke yake unatoa C₁cos14t + C₂sin14t, ambapo C₁ na C₂ ni namba zinazoamuliwa na hali ya mwanzo. Sehemu hii haibadiliki hata f ikibadilika, basi ifanyeni kwanza kila mara. Si suala la unadhifu: bila kuijua hamwezi kukisia umbo la jibu la upande wa kulia, kama juma la 2 linavyoonyesha.

Juma la 2: kukisia umbo

Wimbi la kawaida, boti likipanda na kushuka sentimita 12 kila upande kwa mwendo wa radiani 2 kwa sekunde, linatoa f = 0.48cos2t. Kisia y = A cos2t. Unabaki na 192A = 0.48, yaani A = 0.0025. Milimita mbili na nusu ni nusu kilo kwenye uso wa mizani: kilo 10 zitasomeka kati ya 9.5 na 10.5. Mistari miwili ya hesabu, kazi imekwisha. Kama f ni polinomia, eksponensha, sine, kosine, au mchanganyiko wa hizo kwa kujumlisha na kuzidisha, na koefisienti za kushoto (namba zinazozidisha y na y'') hazibadiliki, msihangaike na njia nyingine.

Sasa watu wanapita haraka kwenye ubao wa kupakulia, wakipiga hatua 2.2 hivi kwa sekunde. Hizo ni karibu radiani 14 kwa sekunde. Chukua f = 0.28cos14t. Mkikisia A cos14t + B sin14t, upande wa kushoto unajifuta wote na mnabaki na 0 = 0.28cos14t. Hesabu haijakosewa, kisio tayari limo ndani ya jibu la upande wa kushoto. Lizidisheni kwa t. Linatoka y = 0.01 t sin14t, mtikisiko unaoongezeka sentimita moja kila sekunde. Hakuna mizani inayofanya hivyo, maana ukinzani upo.

Tukiuweka, mlinganyo ni y'' + 4y' + 196y = f, na hatua zilezile zinatoa mtikisiko unaokomea milimita 5, kilo nzima ya uongo. Kwa hiyo ubao unadanganya kuliko wimbi. Ila angalieni: y' ikishaingia, kukisia kosine tupu hakutoshi hata kwa wimbi la kawaida. Wekeni kosine na sine pamoja. Zinatoka A = 0.002496 na B = 0.000104, B ni ndogo, lakini bila yake mlinganyo haufungi.

Kosa lililojitokeza mara nyingi kuliko yote kwenye daftari la mradi ni kutafuta C₁ na C₂ kabla ya kuongeza jibu la upande wa kulia. Kwa wimbi la kwanza, y(0) = 0 inadai C₁ = −0.0025, si sifuri. Wimbi na ubao vikija pamoja, jumlisheni majibu yao ya kulia, kisha mtafute C₁ na C₂ mara moja tu, mwishoni.

Juma la 3: Laplace

Ndoo ya kilo 10 ikiachiwa ghafla kwenye ndoano, f, ambayo sasa ni mchapuko wa mvutano wa dunia, inaruka kutoka 0 hadi 9.8. Hapa y inapimwa kuanzia sifuri ya mizani. Kwa kukisia mngekata muda vipande na kuviunganisha kimoja kimoja; njia ya Laplace, inayogeuza mlinganyo tofautishi kuwa aljebra, inabeba mruko na hali ya mwanzo kwa pamoja. Bila ukinzani, y = 0.05(1 − cos14t): mshale unafika kilo 20! Kwa ukinzani wetu unafika kilo 16.4 hivi, na baada ya sekunde 2 umetulia ndani ya asilimia 2. Kwa hiyo asiyesubiri sekunde mbili hapimi dagaa, anapima mruko.

Juma la 4: kubadili vigezo

Mawimbi halisi hayana fomula. Simu iliyofungwa kwenye ubavu wa boti inatoa mchapuko mara 50 kwa sekunde, na orodha ya namba haikisiwi umbo. Hapa ndipo kubadili vigezo, njia ya Lagrange, inapofaa, kwa sababu inadai intigrali tu, s ikitoka 0 hadi t:

y(t) = (1/13.86) ∫ e^(−2(t−s)) sin(13.86(t−s)) f(s) ds

13.86 ni mzizi wa 192, yaani 196 − 4. Kwa kuwa e^(−5) haifiki 0.007, usomaji wa zaidi ya sekunde 2.5 zilizopita hauna uzito. Vipimo 125 vya mwisho vinatosha, vikijumlishwa kwa kanuni ya trapezi.

Kabla ya kutumia fomula hii hakikisheni y'' haina koefisienti mbele yake. Ukiacha 10y'' + 40y' + 1960y na kuingiza nguvu kwa nyutoni bila kugawanya, jibu linatoka kubwa mara kumi, na hakuna kitu kwenye karatasi kitakachokushtua.

Kilichobaki: dagaa wakimiminwa kidogo kidogo ndoo ikiwa tayari inaning'inia, tungamo linabadilika na 196 haiko tena. Njia zote tatu, kwa namna zilivyotumika hapa, zinaishia hapo. Juma la 5 ni Runge-Kutta, njia ya kukadiria jibu hatua kwa hatua, kila hatua sekunde 0.01.