Vidonge vya watoto vilivyonirudishia ladha

Mbegu za maboga sitaki hata kuzisikia. Tangu figo zangu zigome nikaanza kusafishwa damu kwa mashine, kila anayekuja kunijulia hali ana kifuko chake: "Tafuna shemeji, zina zinki hizo." Zinki zinayo kweli, ila zimejaa pia potasiamu na fosforasi, na potasiamu ikipanda kwa mtu asiye na figo inasimamisha moyo. Kifuko cha mwisho walikula kuku wa jirani.

Shida yangu ilikuwa ulimi. Samaki wa kupaka, wali wa nazi, vyote ladha ya sarafu. Mkono ulikuwa unaifuata chumvi wenyewe, mpaka mke wangu akaificha, maana chumvi huleta kiu, na maji nikishayanywa hayana pa kutokea.

Daktari alinieleza kwamba zinki ikipungua ladha nayo huharibika. Zinki kwenye damu hubebwa zaidi na albumini, protini ya damu, na figo zangu zilivujisha protini kwenye mkojo miaka mingi kabla hazijagoma. Tena vile vidonge vya kalsiamu ninavyomeza na chakula ili vikamate fosfeti, yaani ile fosforasi ya kwenye chakula, huikamata na zinki humo humo. Sumu zinazobaki kwenye damu nazo huharibu ladha, kwa hiyo hakuniahidi kitu. Akapima, akaniandikia zinki ya miligramu 20.

Kumbe ndivyo vile wanavyopewa watoto wakihara! Binti wa duka la dawa akaniuliza, "Baba, mtoto ana umri gani?" Nikamwambia hamsini na mbili. Hakucheka, akanisukumia na pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji kwa anayehara. Mimi, ninayepimiwa maji kwa kikombe, ninywe lita nzima yenye potasiamu!

Kazi ilikuwa kuipangia zinki saa yake. Haielewani na kalsiamu, na vidonge vya madini chuma hugombania nayo njia ileile tumboni. Nikabandika ratiba kwenye mlango wa friji: kalsiamu na mlo, chuma asubuhi, zinki saa nne usiku chakula cha jioni kikiwa kimeshashuka. Tumbo tupu likaniletea kichefuchefu, nikaongeza kipande cha mkate mweupe. Kupunguza ile ladha ya sarafu, kijiko cha chuma nikakiweka kando nikatumia cha mti, nyama nikaikamulia ndimu. Hilo la kijiko nalisifu zaidi, halina gharama.

Iliki ndiyo iliyotangulia kurudi, kwenye chai. Baadaye nikaanza kulalamika kwamba pweza hajaiva, na mke wangu akafurahi kulalamikiwa.

Daktari alinisimamishia vidonge mapema. Zinki ikizidi kwa muda mrefu huishusha shaba mwilini, na shaba ikipungua damu nayo hupungua. Upungufu huo wa damu sisi wa mashine tunao wa kutosha. Hata mwongozo wa lishe wa 2020 wa KDOQI, mpango wa Marekani wa kuboresha tiba ya figo, haushauri kumpa zinki kila mgonjwa wa figo. Mwenzangu wa kiti cha pili aliniomba vilivyobaki. Nilimnyima, nikamwambia kamwone daktari upimwe kwanza, akaninunia mpaka mashine zikazimwa.